Jalidi imeunguza bustani: kabla hujakata wala kung'oa, soma hapa

Ndugu mleta mada, nimesoma maelezo yako na kuzipitia picha zote moja moja. Kwa wanaoingia sasa: bustani yake ilipigwa na jalidi, yaani baridi kali ya kugandisha, usiku kadhaa mfululizo, mwishoni mwa majira ya baridi, baada ya siku za joto zilizoifanya mimea ianze kuamka. Haidranjia (vichaka vya maua) zimebaki fito tupu, mawaridi yamekuwa meusi, rozimari imekauka upande mmoja, ua wa kijani (uzio wa mimea) una mabaka ya kahawia, mlimau wa kwenye chungu umepukutisha majani yote, na mtini (mti wa tini) unaonekana umekufa mpaka karibu na ardhi. Anauliza akate nini na ang'oe nini, na analalamika kwamba lebo za dukani zilisema mimea hii inavumilia baridi. Waliotangulia kujibu wamemshauri akate vyote wiki hii kisha amwage mbolea ya kutosha ili mimea "ipate nguvu". Kwa heshima zote, napinga ushauri huo, na nitaeleza sababu.

Natunza bustani miaka mingi mahali ambapo jalidi haikosi mwaka. Nimeona vichaka vilivyohesabiwa kuwa kuni vikichipua na kujaza majani kabla kiangazi hakijaisha. Nimeona pia miti iliyotoa majani mazuri majira ya machipuko, halafu ikanyauka ghafla joto lilipopanda. Kwa hiyo rangi ya jani peke yake haikwambii kama mmea uko hai. Kinachokwambia ni kilicho chini ya gome, na zaidi ya hapo, mizizi.

Kwanza elewa kilichotokea. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 0, maji yaliyo katikati ya seli na seli ndiyo huganda kwanza, na ile barafu huvuta maji kutoka ndani ya seli zenyewe. Seli hukauka, kuta zake laini za ndani huharibika, na jani likiyeyuka linalegea kama mboga iliyochemshwa, kisha linakuwa jeusi. Mmea una kinga dhidi ya hali hii, lakini kinga hiyo hujengwa taratibu, siku zinapofupika na baridi inapoongezeka hatua kwa hatua. Siku chache za joto zinatosha kuilegeza. Ndiyo maana baridi ileile ambayo mmea uliivumilia katikati ya majira ya baridi bila hata doa inaweza kuuunguza wiki chache baadaye.

Hapo ndipo lilipo jibu la malalamiko yako kwamba lebo ilisema mimea hii inavumilia. Namba za kanda za baridi zinazoandikwa kwenye lebo, zinazotokana na ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yenye kanda 13, huhesabiwa kutokana na wastani wa kiwango cha chini kabisa cha baridi kwa mwaka. Hazisemi chochote kuhusu baridi inayokuja ghafla wakati mmea umeshaamka, wala kuhusu upepo, wala kuhusu mmea ulio kwenye chungu.

Uharibifu wa pili ni ukame wa baridi, na nadhani ndio uliopiga ua wako na rozimari. Udongo ukiganda, mizizi haiwezi kunyonya maji, ilhali jua na upepo vinaendelea kuyavuta kutoka kwenye majani. Mmea usiopukutisha majani majira ya baridi unakaushwa ukiwa umesimama. Angalia picha zako tena: kahawia yote iko upande mmoja. Nina hakika huo ndio upande unaopigwa na upepo au na jua kali la mchana.

Sasa kipimo. Chukua kisu kidogo kikali, au hata ukucha, ukwaruze gome la kitawi kwenye ncha yake, sehemu ndogo tu isiyozidi punje ya mchele. Chini ya gome la nje kuna utando mwembamba. Ukiwa kijani na una unyevu, hapo pana uhai. Ukiwa wa kahawia na mkavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena, na tena, mpaka uikute kijani. Mara nyingi utakuta mpaka ulio wazi kabisa: juu yake kitawi kinakatika kwa mlio mkavu, chini yake kinapinda bila kuvunjika. Ukishaupata, funga uzi hapo. Usikate bado. Rudia baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu mpaka huo unaweza kushuka. Sehemu iliyojeruhiwa hubaki kijani kwa muda kabla haijafa.

Kwa nini usikate sasa? Kwanza, kukata kunauamsha mmea. Unachochea machipukizi laini wakati jalidi nyingine bado inaweza kuja, na hayo yakiungua mmea umepoteza akiba yake mara mbili. Pili, yale matawi yaliyokufa, hata kama hayapendezi, yanakinga kiasi macho (vifundo ambapo mmea huchipulia) yaliyo chini yake. Tatu, hujui bado mpaka uko wapi. Subiri hatari ya jalidi ipite na macho yaanze kuvimba, ndipo ukate, juu kidogo ya jicho lililo hai. Mkasi uwe mkali, na uufute kwa spiriti unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine.

Vitu viwili tu ndivyo vya kuondoa mapema: matawi yaliyovunjika na kuning'inia, na sehemu zilizooza zikawa laini na zenye kunuka, kama mashina ya mgomba au majani manene ya mimea inayohifadhi maji. Uozo huo usiuache ushuke hadi kwenye kitovu cha mmea.

Kuhusu mbolea, hapa nitasema kwa mkazo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoua mimea ambayo ingepona. Mmea uliopoteza majani na mizizi hauna pa kuipeleka naitrojeni unayoumwagia. Chumvi za mbolea zikijikusanya kwenye udongo zinaweza kuunguza mizizi michache iliyobaki, na kama mmea utaitikia, utatoa machipukizi laini ya haraka kabla haujawa na uwezo wa kuyalisha. Ngoja mpaka uone ukuaji mpya ulioshika vizuri, ndipo utie kidogo. Mboji iliyoiva ikitandazwa juu ya udongo inatosha kwa mimea mingi. Baada ya katikati ya kiangazi, acha kabisa naitrojeni, ili fito mpya zipate muda wa kukomaa kabla baridi haijarudi.

Kinachohitajika sasa ni maji na matandazo. Udongo ukishayeyuka, chimba kwa kidole au kijiko cha bustani uhisi chini. Watu hudhani baada ya theluji udongo umelowa, kumbe chini ya ua au karibu na ukuta unaweza kuwa mkavu kabisa. Mwagilia polepole mpaka maji yafike kina cha mizizi, kisha acha udongo uvute pumzi. Tandaza matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 10, ila yasiguse shina, maana unyevu unaogandamana na gome huleta uozo. Pita pia ukague mimea midogo: udongo unapoganda na kuyeyuka mara kwa mara huisukuma juu mpaka mizizi inachungulia nje. Irudishe kwa mkono taratibu na kuifunika siku hiyohiyo.

Tuje kwenye mimea yako.

Haidranjia, kwa yale maua ya mviringo kwenye picha ya mwaka jana, ni Hydrangea macrophylla. Aina hii huandaa macho ya maua tangu mwishoni mwa kiangazi kilichopita, juu ya fito za wakati huo. Fito zikifa, maua ya mwaka huu yamekwenda nazo, hata kichaka kikijaa majani kutoka chini. Ndiyo maana kuikata yote leo kungekugharimu hata maua ambayo huenda yamenusurika. Tafuta jozi ya macho yaliyonenepa yenye kijani, kata juu yake. Kama ungekuwa na Hydrangea paniculata au arborescens ningekwambia kata bila hofu, kwa kuwa hizo huchanua kwenye fito mpya.

Mawaridi ni rahisi. Macho yakianza kuvimba, kata kushuka mpaka kiini cha katikati ya fito kiwe cheupe. Kikiwa cha kahawia, shuka jicho jingine. Yasikutishe hata ukibakiwa na vishina vifupi sana. Ila kagua kovu la kubebeshea, yaani pale waridi lilipounganishwa na shina la mmea mwingine. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu ni ya mmea wa chini, si waridi lako. Yafuatilie mpaka yanapoanzia uyanyofoe.

Rozimari inanipa wasiwasi zaidi. Mti wake mzee usio na majani ni nadra kuchipua tena, na lavenda iko hivyohivyo. Upande uliokufa hautajazika. Fanya hivi: ukuaji mpya ukianza upande ulio hai, chukua vipandikizi vya urefu wa kama sentimita 10, ondoa majani ya chini, uvichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Hata mama akifa, unaye mtoto wake.

Ua wako sijautambua vizuri kwenye picha, na tofauti ni kubwa. Kama ni boksi (kichaka cha majani madogo), unachipua hata kwenye mti mzee, ni suala la muda. Kama ni tuya au sipresi, sehemu iliyokauka mpaka ndani kwenye mti usio na majani hairudi. Hapo huna budi kukata kilichokufa na kuvuta matawi ya jirani yazibe pengo. Kwa vyovyote, usiguse majani ya kahawia sasa. Nimeshuhudia mara nyingi jani likiwa limeungua kabisa na jicho lililo kwapani mwake likiwa zima.

Mlimau, ndugu yangu, usiulilie bado. Mti wa jamii ya michungwa ukipukutisha majani upesi baada ya baridi, hiyo ni dalili nzuri: kitawi kilikuwa na uhai wa kutosha kuliachia jani. Cha kuogopa ni majani yaliyokauka na kung'ang'ania kwenye kitawi, kwa kuwa hapo mara nyingi kitawi chenyewe kimekufa. Punguza maji sana, kwa sababu mti usio na majani hauyatumii, na mizizi inayokaa kwenye tope huoza. Gome lililozoea kivuli cha majani sasa liko juani. Lipake rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu ili lisiungue. Hapa pia angalia kovu la kubebeshea: ukiona chipukizi lenye jani la vijani vitatu, yaelekea ni la shina la chini, liondoe. Na kuanzia mwaka ujao, kumbuka kwamba mizizi ndani ya chungu haina ardhi ya kuikinga, na mizizi haivumilii baridi kama matawi yanavyoivumilia.

Mtini ndio unaonipa matumaini makubwa kuliko yote, hata kama umekufa juu wote. Mizizi ikiwa salama utasukuma machipukizi mengi kutoka ardhini. Chagua matatu hadi matano yenye nguvu, yaliyoachana vizuri, mengine ondoa. Matunda ya awali, yanayotoka kwenye fito za mwaka jana, utayakosa. Yale ya baadaye huzaliwa kwenye fito mpya.

Wanaosema "ukikauka juu, ng'oa", waangalie mizeituni ya Provence nchini Ufaransa. Februari 1956 baridi iliua mizeituni mingi mno huko, ikabidi ikatwe mpaka chini. Visiki vikachipua, na ndiyo maana mingi leo ina mashina kadhaa yanayotoka kwenye kisiki kimoja. Januari 1985 ikawa zamu ya Toscana, Italia, na huko pia wakulima wengi walikata chini wakaanza upya na machipukizi ya visiki vilevile.

Ukiona gome limepasuka kwa urefu, usipake dawa ya kuziba wala lami. Ondoa vipande vilivyoachia tu, kwa kisu kikali, na uliache lijifunge lenyewe. Mti wenye jeraha kubwa la namna hiyo, usiuache upate kiu kiangazi kizima, maana wadudu watoboa shina hupenda miti dhaifu.

Jambo la mwisho ni lile nililotaja mwanzoni, la mti kuchipua kisha kunyauka. Macho huamka kwa akiba iliyomo ndani ya kitawi, lakini kama mirija ya kupitisha maji imeharibika au mizizi imekufa, joto la kwanza litaumaliza. Kwa hiyo ukiona majani usikimbilie kusema umepona, na usipoyaona usikimbilie jembe. Mimi siung'oi mmea wowote wa miti kabla ya katikati ya kiangazi, na mtini nauachia msimu mzima.

Ukipata nafasi, tupia picha mbili: kitawi cha ua kikiwa karibu, ili tujue ni mti gani, na shina la mlimau pale penye kovu la kubebeshea, baada ya kulikwaruza. Nitapita jioni kuziangalia.