Dawa ya klorini kila siku: majibu kwa wafuga samaki wa tangini

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu chupa moja: ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba kuondoa klorini kabla samaki hawajayagusa. Nimeyafupisha.

Tangi langu ni jipya, la lita 60. Amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, inapanda, kwa hiyo kila siku natoa lita 20 na kuweka maji mapya, na kila mara natia dawa. Haitajikusanya mpaka iwadhuru samaki?

Inategemea unapimia maji yapi. Tuseme chupa yako inasema 5 ml kwa lita 200. Wengi hupiga hesabu ya tangi zima, wanapata 1.5 ml, basi hiyo ndiyo wanayotia kila siku. Tuchukue hali mbaya kuliko zote, kwamba dawa ikishaingia haipungui isipokuwa kwa maji unayoyatoa. Ukitoa lita 20 kati ya 60, umeondoa theluthi ya maji na theluthi ya dawa iliyokuwamo. Siku ya kwanza tangini mna dozi 1, yaani ile 1.5 ml. Siku ya pili mna theluthi mbili za ile ya jana pamoja na mpya, yaani kama 1.7. Ya tatu, 2.1. Inapanda hivyo, kila siku kidogo kuliko jana, mpaka inakaribia dozi 3 na kukwama hapo, kwa kuwa unachotoa kimeshalingana na unachoongeza.

Sasa chukua ndoo. Jaza lita 20, tia 0.5 ml, koroga, ndipo umimine tangini. Hesabu ileile inakuja kukwama kwenye dozi 1, hata ukibadilisha maji kila siku mwaka mzima. Ndiyo maana nawasihi wanaobadilisha maji mara kwa mara watibu maji kwenye ndoo.

Katika hali halisi mambo ni mepesi kuliko hesabu hizo. Sehemu ya dawa inaishia kwenye klorini, na inayobaki inaendelea kuvunjika yenyewe tangini. Kinachosalia ni chumvichumvi kidogo zinazotoka na maji ya kesho. Ziko chupa zinazoruhusu hata mara 5 ya dozi wakati wa dharura, na ziko zisizoruhusu, kwa hiyo soma maandishi ya chupa yako, usisome ya jirani. Lakini usiache kubadilisha maji kwa kuiogopa dawa. Katika tangi jipya ambalo bakteria wake wanaokula amonia hawajakomaa, amonia ndiyo inayoua.

Na tafadhali, nusu mililita haipimwi kwa macho. Nunua sirinji ya 1 ml isiyo na sindano. Kifuniko cha chupa kilitengenezwa kwa ajili ya matangi makubwa.

Sina nguvu za kubeba ndoo. Natumia mpira wa maji moja kwa moja kutoka bombani. Nipimie nini?

Hapo kanuni inageuka: pimia tangi zima, si maji mapya peke yake. Klorini inapoingia inakuta dawa imeshasambaa kwenye maji yote, na ukitia ya lita chache tu itakuwa nyembamba mno kuikamata kwa haraka.

Tia dawa kwanza, kisha fungua bomba, polepole. Zima filta wakati unajaza, maana bakteria wanaokula amonia wanaishi humo, na klorini iliwekwa majini kwa kazi hiyohiyo ya kuua bakteria. Ukimaliza, usisahau kuiwasha. (Utashangaa ni wangapi husahau.) Joto la maji nalo lilingane na la tangini, ligusishe mkono ukikosa kipimajoto.

Kwa njia hii dawa itazidi ile ya ndoo, kama tulivyoona hapo juu. Kama unajaza kwa mpira mara moja kwa wiki, hilo si neno. Kama ni kila siku, hakikisha chupa yako inaruhusu kuzidisha dozi, na pampu ya hewa ifanye kazi muda wote.

Mjomba wangu amefuga samaki miaka mingi bila dawa yoyote. Huacha maji usiku kucha kwenye beseni, basi. Kwa nini nipoteze pesa?

Shikamoo yake, na kwa maji ya bomba lake huenda yuko sahihi. Klorini ya kawaida ni gesi iliyoyeyushwa majini, na maji yakikaa wazi siku nzima, hasa yakitiwa hewa, inaondoka. Kuchemsha pia kunaiondoa.

Tatizo ni kwamba si mamlaka zote za maji zinazotumia klorini tupu. Nyingine hutumia kloramini, yaani klorini iliyofungamanishwa na amonia, na zinaichagua kwa sababu hiyohiyo inayotusumbua sisi: haitoki kirahisi. Ukiiacha usiku kucha, asubuhi utaikuta. Zaidi ya hayo, dawa ya kawaida kabisa, ile ya thiosulfeti peke yake, inavunja kloramini na kuiacha amonia majini. Kwa maji ya aina hiyo unahitaji dawa iliyoandikwa wazi kwamba inashughulikia kloramini pamoja na amonia.

Utajuaje? Uliza wanaokuletea maji. Au nunua karatasi za kupimia zenye visanduku viwili, klorini huru na klorini jumla. Jumla ikiwa kubwa na huru ikiwa karibu na sufuri, hiyo ni kloramini.

Wala usitegemee pua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka maji yamfikie mtumiaji yakiwa na klorini isiyopungua 0.2 mg kwa lita. Kwako wewe hayo ni maji safi ya kunywa. Kwa matamvua ya samaki, hata pungufu ya hapo ni moto.

Natia dawa inayosema inaondoa sumu ya amonia, lakini nikipima bado amonia inaonekana. Nimeuziwa feki?

Si lazima. Vipimo vingi vya nyumbani vinahesabu amonia yote, iliyofungwa na dawa na isiyofungwa, kwa hiyo rangi ya kijani itabaki palepale hata dawa ikiwa imefanya kazi. Na vile vya mtindo wa Nessler, aina nyingine ya kipimo cha amonia inayotoa rangi ya njano, huweza kutoa jibu la uongo dawa ikiwamo.

Angalia pia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kwa sababu ndiyo inayoamua ukali. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, karibu asilimia 0.6 tu ya amonia yote iko katika hali inayoumiza samaki; kwenye pH 8 inafika asilimia 5 hivi. Namba moja kwenye kipimo, hatari tofauti kabisa. Mwenye maji ya pH 8 asifarijiwe na mwenye pH 6.8.

Msimamo wangu kuhusu ahadi hii ya chupa: ichukulie kama nafasi ya kupumua kwa siku moja, usiifanye badala ya kubadilisha maji. Hata watengenezaji wanaodai inafunga amonia husema inafunga kwa muda, siku moja au mbili. Mtu anayetia dawa kila jioni ili asibebe ndoo anaahirisha tatizo, na tatizo linakua.

Mtoto amemimina kifuniko kizima kwenye tangi la lita 10. Samaki wamepanda juu wanatwetatweta. Nifanye nini?

Hewa kwanza, kabla ya jambo lolote. Dawa hizi zinafanya kazi kwa kuipokonya klorini nguvu yake, na zikikosa klorini baadhi yake hugeukia oksijeni iliyomo majini. Samaki anayetwetea juu ya maji anatafuta hiyo iliyopotea. Washa pampu ya hewa. Kama huna, chota maji kwa kikombe na uyamimine tena kutoka juu, mara nyingi, bila kuchoka.

Kisha badilisha nusu ya maji, na baada ya saa moja nusu tena, kwa maji ya joto lilelile. Maji hayo yatibu kwenye ndoo kwa dozi yake ya kawaida. Usianze kubahatisha kwamba dawa iliyozidi itayatosha. Usitie chumvi, usitie dawa nyingine, usiwalishe kwa siku hiyo. Wengi wao hurudi hali ya kawaida hewa ikirudi.

Samaki wangu wana madoa meupe na nimepewa dawa ya shaba. Niendelee na ya klorini?

Soma maandishi ya dawa zote mbili kwanza. Baadhi ya dawa za klorini hufunga shaba ikawa haina kazi; nyingine huibadilisha umbo ikawa kali zaidi kwa samaki. Njia salama ni kutibu maji mapya kwenye ndoo, dozi kamili isiyozidi, siku moja kabla, ili yakiingia tangini dawa iwe imeshapungua. Na kama mna konokono au uduvi humo, shaba haifai kabisa, uwahamishe kwanza.

Natumia maji ya kisima. Nayo yanahitaji dawa?

Kama hakuna aliyetia klorini kisimani, hapana. Lakini maji yaliyotoka chini ya ardhi sasa hivi mara nyingi hayana oksijeni ya kutosha na yana kaboni dayoksaidi nyingi. Yatie hewa saa kadhaa kabla ya kuyatumia.

Chupa yangu ina harufu ya yai viza na imekaa muda mrefu. Niitupe?

Harufu ya salfa ni kawaida kwa baadhi ya dawa hizi hata zikiwa mpya. Joto na jua ndivyo vinavyoziharibu, kwa hiyo iweke kabatini, kifuniko kimekazwa. Ukiwa na shaka, jaza lita moja ya maji ya bomba, ipime klorini kwa karatasi, tia tone moja la dawa, koroga, subiri dakika chache, pima tena. Karatasi ya pili ikibaki na rangi ileile, nunua chupa nyingine kabla hujabadilisha maji.