Tumbo la Jumatatu

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 11 anadanganya, maana tumbo humkamata kila asubuhi ya shule na vipimo vimetoka safi mara tatu. Hadanganyi. Utumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, na hofu ikikaa muda mrefu hata msokoto mdogo wa tumbo mtoto anausikia kama maumivu makali. Wangu alikuwa anajikunja mlangoni, sare kashavaa, kiatu kimoja mguuni, jasho limemjaa puani. Jasho lile haliigizwi.

Ila sisi wa Mwanza tuanze na kichocho: apimwe choo na mkojo, hasa kama anaoga ziwani. Akikonda, akitoa damu chooni, akiwa na homa au maumivu yakimwamsha usiku, rudi hospitali upesi.

Hayo yasipokuwepo, acha kumzungusha maabara. Muulize shuleni kuna nini: fimbo, hesabu, nani anamcheka. (Wangu ilikuwa choo cha shule kisicho na mlango. Wiki tatu tunamnywesha dawa!) Aende shule hata nusu siku; akizoea kubaki nyumbani, kurudi kunakuwa kazi.

Na hao majirani wanaosema karogwa, waambie habari za Kashasha, karibu na Bukoba, mwaka 1962. Wasichana 95 kati ya 159 wa shule ya bweni walishikwa na vicheko na vilio hadi shule ikafungwa. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala maambukizi; wakaona ni msongo wa mawazo uliojitokeza mwilini, kama tumbo la binti yako.