Nani Atashika Ufunguo wa Koki Huko Mirihi?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Dunia ikifika mwisho, je, binadamu atapata pa kuishi kwingine?", nililisoma nikiwa nimekalia ndoo kwenye mjengo mmoja kule Utawala, nikingoja gundi ya bomba ikauke. Wenzangu walilicheka. Mmoja alisema kwingine anakokujua yeye ni ushago tu. Mimi halikunichekesha, na tangu siku hiyo limenikaa kooni. Ni fundi wa mabomba, mwaka wa 22 sasa hapa Nairobi, kwa hivyo mtanivumilia nikijibu kifundi.

Kwanza huo mwisho. Wanasayansi wanasema jua linazidi ukali polepole na litakuja kuzikausha bahari, lakini hiyo ni kama miaka bilioni moja ijayo, na kodi yangu ni tarehe 5. Mawe ya angani ndiyo yanayokosesha watu usingizi. Mapema 2025 lile liitwalo 2024 YR4 lilipewa uwezekano wa asilimia 3 hivi wa kuigonga dunia Desemba 2032, kisha hesabu zikarudiwa na hofu ikapoa. Na tayari mwaka 2022 Wamarekani walikwisha kuligonga jiwe la Dimorphos kwa chombo, makusudi, wakapunguza muda wake wa kulizunguka jiwe kubwa zaidi kwa dakika 32 hivi. Kwa hivyo mawe yanasukumika. Kitu kilichotuangukia sisi kwa kweli ni chuma, ile pete ya kilo 500 iliyotua Mukuku, Makueni, Desemba 30, 2024, kipande cha roketi ya watu wengine. Hata kabla hawajahama, wameshaanza kutuangushia vyombo.

Kwingine kunakosemwa sana ni sayari ya Mirihi. Msukumo wa hewa ya huko haufiki asilimia 1 ya huu wetu, na asilimia 95 ya hewa yenyewe ni hewa ukaa. Maana yake kila pumzi itabidi itengenezwe, iwekwe kwenye tangi, ipitishwe kwenye bomba. NASA, shirika la anga la Marekani, walijaribu huko kwa kifaa kiitwacho MOXIE. Tangu 2021 hadi 2023 kilitoa gramu 122 za oksijeni, zote kwa jumla. Mtu mzima akianza kuzivuta asubuhi, hazimfikishi mchana.

Sasa, hewa ikipita kwenye bomba, bomba litakuwa na koki, na koki itakuwa na mwenyewe. Nyinyi mmeuliza kama tutafika. Mimi nauliza ufunguo utakuwa mfukoni mwa nani, na nauliza kwa sababu koki ya namna hiyo niliwahi kuifunga kwa mikono yangu.

Ilikuwa 2017. Mnaukumbuka mwaka huo, bwawa la Ndakaini limeshuka, mgao wa maji umeanza tangu Januari, bei ya mtungi wa mkokoteni inabadilika asubuhi na jioni. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Pipeline, ploti ya ghorofa saba, milango kumi kila ghorofa. Mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa tulikuwa ya sita. Maji ya mfereji yalikuja usiku mmoja kwa wiki, yakaingia tangi la chini, nyuma ya ngazi, ndipo yapandishwe juu kwa pampu. Mwenye ploti akaniita. Alitaka nifunge koki kwenye bomba linalotoka tangini, niitie kufuli, maji yawe yanauzwa getini kwa mtungi. Kazi ya saa mbili. Pesa hakutoa. Aliniambia, "Fundi, wewe kila usiku chota mitungi yako miwili, na unyamaze."

Nikakubali kabla hajamaliza.

Basi kila usiku, saa sita imepita, nashuka na mitungi miwili ya lita 20, napanda nayo. Usiku wa nne au wa tano stima zilikuwa zimepotea. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne mwanga wa simu yangu ukamwangukia shosho wa ghorofa ya tano, ameketi kwenye ngazi, kidumu cha lita 5 miguuni. Alifunika macho.

"Ni nani?"

"Ni mimi, shosho. Fundi."

"Maji umeyatoa wapi saa hizi, kijana wangu?"

Nikasema nimeyatoa Donholm, kwa rafiki. Donholm! Kwa miguu, gizani, na mitungi miwili. Mtoto wa nasari angenikatalia. Shosho alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole na safari."

Nilimbebea kidumu chake hadi mlangoni. Kilikuwa nusu. Mitungi yangu niliiacha pale kwenye ngazi, na nilipokuwa nashuka kuifuata nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba mtu asije akaiiba. Sikummiminia hata kikombe. Mke wangu ameniuliza mara nyingi ni kwa nini. Nilipiga hesabu: nikimpa leo, kesho atajua kuna maji, keshokutwa ghorofa nzima inajua. Hesabu ilikuwa sawa. Ndiyo inayonisumbua.

Jumapili moja alfajiri kufuli ilikatwa. Nilisikia msumeno wa chuma nikiwa kitandani, mlio wake naujua, nikajifunika. Nilipothubutu kushuka nilitarajia vita. Nikamkuta mama wa chapati, wa ghorofa ya kwanza, amekalia kigoda na daftari la shule, anaandika milango. Mtungi mmoja kila mlango, miwili kwa wazee na wenye watoto wachanga. Foleni imetulia kama ya kura. Zamu yangu ilipofika hakuniangalia usoni. Aliandika tu, "Fundi, mmoja."

Mpango ule ulidumu wiki moja na nusu, hadi mtu mmoja aliposoma daftari vizuri akaona mlango wa ndugu yake mama wa chapati umeandikwa mara mbili. Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Kila mtu akarudi kwa mkokoteni wake.

Binti yangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na anapenda fizikia kuliko anavyonipenda mimi, ndiye aliyenisomea habari za Biosphere 2, lile jumba la vioo la Arizona ambamo watu wanane walijifungia Septemba 1991 kwa miaka miwili. Oksijeni ilishuka kutoka asilimia 21 hadi kama 14, ikabidi waongezewe kutoka nje. Vijidudu vya udongoni viliila vikatoa hewa ukaa, na hewa ukaa ikanywewa na saruji ya kuta. Sisi wa mjengo tunajua saruji hunywa maji. Kwamba inakunywa na hewa, nilikuwa sijui. Walikaa na njaa, wakagawanyika kambi mbili za wanne wanne. Kundi la pili liliingia 1994, mabosi wakagombana huko nje, na wawili kati ya wale wa kwanza wakaja usiku wakafungua milango na kuvunja vioo. Niliposikia hapo nikamwambia, hiyo ni Pipeline.

Nilianza kuandika nikiwa na jibu la hapana. Tukihama, tutahama na mwenye ploti wetu, na fundi wake atakuwa mtu kama mimi. Lakini nimeandika habari za lile daftari, na lazima niseme kwamba kwa hizo siku kumi na moja, katika ploti ya milango sabini, hakuna aliyelala bila maji. Si kitu kidogo. Labda siku kumi na moja zinaweza kunyooshwa, kama daftari litasomwa na wengi tangu siku ya kwanza. Labda. Wale wanane wa Arizona hawakupendana, lakini hakuna aliyemfungia mwenzake hewa.

Kwa hivyo, Mhariri, andikeni kwamba nimesema nafasi ipo, ndogo. Mimi mwenyewe siendi. Binti yangu akitaka kwenda sitamzuia, ila kila mlango uwe na koki yake, na fundi atakayezifunga alipwe pesa taslimu.

Fundi wa mabomba,
Nairobi