Paka uzeeni: nilikataa mara mbili, ya tatu nikakubali

Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka 60. Miaka sita baadaye mjukuu wangu akaja hapa Nkuhungu, Dodoma, na boksi la viatu lililotobolewa matundu. Ndani kulikuwa na kitoto cha paka, hakijazidi kiganja. "Bibi, huyu atakuondolea upweke." Nikamshukuru, nikamnywesha chai, jioni akaondoka na boksi lake.

Watoto wangu walishangaa, maana kila wakipiga simu nilikuwa nalalamikia panya wanaotoboa viroba vya mahindi. Lakini nilishapiga hesabu nyuma ya kalenda. Paka anayetunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 15, na wapo wanaofika 20. Mimi 66, jumlisha 15, ni 81. Bibi wa miaka 81 atamkimbiza paka mgonjwa kwa daktari wa mifugo kwa bajaji gani? Na nikitangulia mimi, nani atamfungulia mlango? Swali la kama unampenda paka ni jepesi. Haya mawili ndiyo magumu.

Mara ya pili jirani alitaka kunipa dume jeusi. Hapa niseme jambo ambalo wengi hulimung'unya. Mwanamke mzee, mjane, anayelala peke yake, akionekana na paka mweusi, minong'ono huanza. Mjini watu hucheka yakaisha. Ila nina ndugu vijijini ambao nisingewashauri wathubutu, kwa sababu huko neno moja la uchawi linaweza kumtoa mtu roho. Kama unaishi mahali pa namna hiyo, chagua paka wa rangi nyingine, au acha kabisa, wala usione haya. Mimi dume lile sikulikataa kwa rangi. Lilikuwa halijahasiwa, linazurura usiku kucha na kurudi na majeraha.

Kisha mpangaji wa nyumba ya pili, mtumishi wa serikali, akapata uhamisho. Alikuwa na jike la miaka saba, kijivu, limeshafungwa kizazi. Kabla ya hapo, kila akisafiri kikazi, mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Bila kujua nilikuwa nimefanya majaribio, na ningemshauri kila mzee aanze hivyo: azima paka wiki mbili kabla ya kumkubali. Utajua kama unaweza kuinama kila siku kuondoa mavi kwenye beseni la mchanga. Nasema kila siku kwa sababu kuna vijidudu vya kwenye kinyesi cha paka ambavyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Ukiwahi kukitupa, umeviwahi. Mkweo mjamzito akija kukutembelea, asiliguse hilo beseni.

Nikapiga hesabu upya. Yeye 7, mimi 66. Akifika 15 nitakuwa na 74. Hiyo naiweza. Ndiyo maana nasema mzee achukue paka mtu mzima. Kitoto kinapanda mapazia, kinang'ata nyaya, na kikiwa jike, kabla hakijatimiza mwaka kinaweza kukuletea ukoo mzima. Mimba ya paka ni miezi miwili tu.

Gharama haikunitisha. Anakula dagaa wasio na chumvi niliowachemsha, na utumbo wa kuku ulioiva. Maziwa ya ng'ombe nilimpa siku moja, akaharisha, basi. Chanjo ya kichaa cha mbwa anachomwa kila mwaka, kwani ugonjwa huo humpata paka pia. Akikung'ata paka usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Parasetamoli unayomezea magoti yako usimpe hata kipande, inamuua. Na sumu ya panya nimeitoa nyumbani kabisa, nikawaomba majirani wa pande zote nao wasiitumie, maana panya aliyekula sumu anaweza kumwua paka anayemla.

Lililonitisha ni miguu yangu. Usiku mmoja umeme umekatika, nimebeba ndoo, akajipitisha katikati ya miguu. Nilidaka ukuta. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huu, si jambo la kusimulia ukicheka. Tangu hapo amevaa kengele shingoni, na namlisha kabla sijaanza kupika ili asinizunguke jikoni.

Mlango nao una mtu. Binti wa jirani, yuko kidato cha tatu, nilikaa naye pamoja na mama yake tukakubaliana: nikisafiri anamlisha, nikifa anamchukua. Mama yake alisema, "Mwalimu, usiongee hivyo." Nikamwambia naongea hivyohivyo.

Mwezi uliopita nilipanda treni kwenda Dar es Salaam kwa wajukuu, siku tisa. Niliporudi nilimkuta ukumbini, mnene kuliko nilivyomwacha. Aliniangalia, akanipa mgongo hadi saa tatu usiku. Upepo wa Dodoma ulipoanza kupiga mabati ndipo akaja kulala miguuni.