Umekula au bado? Kichina cha Penang chamtoa jasho mkalimani wa Dodoma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nimepiga Kichina miaka miwili pale UDOM, saivi ni mkalimani kwenye saiti moja ya ujenzi hapa Dodoma. Juzi kaja fundi mkuu, Mchina wa Penang, Malaysia. Kazini tunaelewana freshi tu ila jioni akimpigia mama yake naambulia patupu, nasikia "ciak pa bue" sijui "bo" sijui "lui", kuna siku kataja "sabun" kabisa. Vijana wa zege wananicheka eti mkalimani gani huyu. Hiki nacho ni Kichina au ananificha? – Mkalimani, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakufichi kitu, anaongea na mama yake tu. Hicho ni Kihokkien, walienda nacho wazee wao waliotoka kusini mwa Fujian kule China, na hilo jina Hokkien ndo Fujian yenyewe kwa matamshi yao. Ulichosoma wewe ni Kimandarini, na hivo viwili wenyewe kwa wenyewe hawasikilizani, ni kama Mgogo na Mchaga kila mtu akomae na cha kwao, vyote vya kibantu lakini wapi. Kwahiyo hao wa zege wapunguze kelele.

Sasa hiyo "ciak pa bue" ndo tamu yenyewe. Ciak ni kula, pa ni kushiba, bue ni bado. Yaani umekula ukashiba, au bado? Na ni salamu kabisa, haimaanishi anakukaribisha msosi. Darasani ulifundishwa "chī le ma", unabandika ma mwishoni basi limeshakuwa swali, ila hawa swali wanalifungia na bado yao na kama hujala unajibu na bue hiyohiyo. Mi siku ya kwanza kuelewa hili nilicheka peke yangu, maana ni sisi kabisa.

Bo nayo ni hana au hakuna. "I bo lui", hana hela. Ukitaka kuuliza, "lu u lui bo?", una hela au huna? Hapo lu ni wewe, u ni kuwa na, i ni yeye, awe mwanaume au mwanamke. Wingi wanaongeza lang, maana yake mtu, so lu lang ni nyinyi na i lang ni wao, ile men ya wingi ya Kimandarini uliyosoma darasani isahau. Na usidhani bo inakataa kila kitu, ukimkataza mtu unasema mai, kama usi- yetu.

Sabun hukusikia vibaya. Wameitoa kwenye Kimalei, Kimalei kikaitoa Kiarabu, hukohuko ilikotoka sabuni yetu. Lui nayo wapo wanaosema ni ya Kimalei, duit, ambayo asili yake ni sarafu ya Waholanzi. Alafu majani ya chai wao wanaita te, Waholanzi wakalibeba neno hilo baharini ndo Mwingereza akapata tea, wakati chai yetu inatokana na neno jingine la Kichina, "cha", lililopitia Uajemi.

Kazi ipo kwenye toni, yaani sauti kupanda na kushuka mpaka neno linabadilika maana. Kimandarini zako 4, Kihokkien cha kule Fujian kinahesabiwa 7, na neno likifuatwa na lingine toni yake inageuka, kwahiyo usikariri neno mojamoja, kariri sentensi nzima.

Wazazi wengi Penang siku hizi wanaongea Kimandarini na watoto maana ndo cha shuleni, na Singapore serikali ilianzisha kampeni yake ya Kimandarini tangu 1979. Ni kama hapa mjini bibi anasema mbukwenyi, mjukuu anajibu shikamoo. Ndo maana nahisi huyo bosi wako hategemei kusikia Kihokkien Dodoma. Kesho mkikaa kwenye ugali muulize tu, ciak pa bue, alafu uniandikie alivoshtuka.