Jana ilifunguka, leo imegoma: maswali yenu ya programu za muziki

Meseji nyingi zilizoingia safari hii zinafanana. Mtu kalala laptopu ikiwa nzima, asubuhi kakuta imejiapdeti yenyewe, kabofya programu yake ya muziki, kimya. Nimechagua chache tujibizane.

Kitu kimoja nitakirudia mpaka mnichoke: usikimbilie kufuta programu na kuinstoli upya. Mara nyingi programu yenyewe ni nzima, kilichoharibika ni kitu inachokiita pale inapowaka, iwe draiva ya saundi kadi (kiprogramu kinachoiunganisha kadi na kompyuta), plagini (kiprogramu cha nyongeza kama ala au efekti), au folda iliyohamishwa bila wewe kuambiwa. Kwa hiyo nikikuuliza "inakwama wapi" usinijibu "haifunguki tu", niambie umeona nini kwenye skrini.

Mkuu habari za kazi. Windows 11 yangu ilijiapdeti usiku, sasa nikibofya FL Studio inatokea ile picha ya kuanzia sekunde tatu nne inapotea, hakuna eror hakuna nini. Nimeifuta na kuinstoli mara mbili, bando limekata, bado vilevile. Natumia saundi kadi ya USB. Msanii anakuja Ijumaa, nimwambie nini? (Prodyuza, Mwanza)

Mwambie aje tu. Pole kwa bando.

Anza na kitu cha bure: chomoa hiyo saundi kadi, halafu chagua Restart, siyo Shut down. Wengi hawajui kwamba Shut down ya Windows siku hizi haizimi kila kitu, ile Fast Startup inahifadhi kiini cha mfumo ili kesho iwake chapchap, kwa hiyo draiva iliyolala imekwama inaamka imekwama. Restart ndiyo inayosafisha. Ikisharudi fungua FL kadi ikiwa mezani. Ikifunguka, mchawi umempata, ni draiva ya ASIO ya kadi yako (ile inayopitisha sauti bila kuchelewa), haipatani na apdeti. Ifute, nenda kwenye tovuti ya waliotengeneza kadi (siyo zile tovuti za "draiva zote bure") chukua toleo jipya, instoli kadi ikiwa nje, kisha ndiyo uchomeke.

Ikigoma hata bila kadi, fungua Start, andika Event Viewer, ingia Windows Logs halafu Application. Litakuja likaratasi refu la kutisha, usisome lote. Tafuta alama nyekundu yenye saa ileile uliyobofya FL, ibofye, chini kuna mstari umeandikwa "Faulting module name". Hilo ndilo jina la faili lililoangusha programu. Majuzi nilikaa na kijana mmoja hapa Sinza, kahangaika siku nne na kashafuta mpaka picha za mtoto wake ili apate nafasi kwenye diski, tukafungua hapo tukakuta jina la faili linaishia na asio.dll, na kadi yenyewe ya hilo jina alishaiuza mwaka juzi! Draiva imebaki, kadi haipo, FL kila ikiwaka inaiita. Tukaifuta, dakika kumi tukawa tunasikiliza biti.

Ukikuta jina ni ntdll.dll usiishangae, hiyo ni ya Windows yenyewe, kumlaumu huyo ni kumkamata mwenye nyumba kwa sababu mwizi kapita mlangoni kwake. Ukikuta VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll, basi kinachohitaji matengenezo ni vifurushi vya Visual C++, vipakue kwenye tovuti ya Microsoft, chukua vyote viwili, x64 na x86, hata MB 50 havifiki.

Na kama kadi yako ni ya zamani sana, ingia Windows Security, Device security, halafu Core isolation. Kuna ulinzi pale unaitwa Memory integrity ambao unazizuia draiva za kizamani, na ukiwa umezimwa na draiva mbovu utakuta majina yao yameorodheshwa. Mafundi wengi watakwambia uzime tu maisha yaendelee. Mimi siyo mpenzi wa hiyo, tumia FL Studio ASIO inayokuja na programu yenyewe kwa siku mbili tatu huku ukitafuta draiva mpya. Sauti itachelewa kidogo kusikika wakati wa kurekodi, lakini Ijumaa itapita.

Bro yangu ilikuwa inafunguka poa, baada ya apdeti antivirus imekula faili moja na sasa FL haifunguki. Niliwekewa na fundi. Nairudishaje hiyo faili? (Mbagala)

"Niliwekewa na fundi" nimeielewa. Hiyo ni kreki, yaani programu iliyovunjwa kufuli la leseni, apdeti imekuja na orodha mpya ya ulinzi ikakiona kitu fundi alichokibadilisha, na kwa kweli si wewe wala mimi tunajua kabadilisha nini. Kuirudisha sikufundishi. Toleo la majaribio la FL ni la bure na linafungua kila kitu, unatengeneza biti na kutoa wimbo kamili, ila projekti ukishaisevu huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Ukinunua mara moja apdeti zote za baadaye ni bure maisha. Kama mfuko haujakaa sawa jaribu Reaper, programu nyingine ya muziki, unapewa siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60.

Asalaam aleikum. Mimi napanga muziki wa taarab, natumia Cubase miaka mingi. Nimetoka Windows 10 kwenda 11, sasa Cubase inapakia hadi inapotaja majina ya plagini, inafika mahali inasimama hapo hapo, hata nikenda kuswali nikirudi iko pale pale. (Mombasa)

Waaleikum salaam maalim. Swali lako tamu kwa sababu umeangalia inasimama wapi. Jina linalobaki kwenye skrini pale inapoganda ndiye mtuhumiwa wa kwanza. Liandike.

Sasa funga Cubase kwa nguvu kupitia Task Manager, ifungue tena na mara tu ukishabofya shikilia Ctrl, Shift na Alt kwa pamoja, usiachie mpaka kitokee kidirisha. Hapo utachagua kuwasha bila mipangilio yako au bila plagini za nje. Chagua kuzizima plagini kwanza. MIPANGILIO USIIFUTE, kuna chaguo la kuifuta pale na watu huwa wanalibofya kwa hasira, wakishatulia wanakuta njia zao za mkato zote hazipo.

Ikiwaka namna hiyo, nenda C, Program Files, Common Files, VST3. Itoe plagini uliyoandika jina lake, iweke kwenye folda nyingine kule desktop, jaribu tena kawaida. Kama jina halionekani vizuri au wako wengi, gawa nusu kwa nusu: toa nusu ya plagini zote, fungua. Ikifunguka, mbovu yuko kwenye nusu uliyoitoa, basi rudisha nusu ya ile nusu. Plagini 64 unazimaliza kwa majaribio sita, wakati ukijaribu mojamoja utakesha. Ukimpata, tafuta toleo lake jipya. Na hizo sauti za qanuni na udi ulizozinunua usiwe na hofu nazo, sampuli zenyewe huwa zinakaa folda tofauti kabisa, hapa unahamisha plagini tu.

Kaka mimi niko Muscat, nina Mac na Logic. Nimepanda macOS Tahoe, kadi yangu ya FireWire ambayo nimeitumia miaka na miaka haionekani kabisa, Logic inahangaika kuwaka. Kuna dawa? (Muscat)

Ya kuiwasha Logic ipo: shikilia Control wakati unaifungua, itakuuliza kama uiwashe bila Core Audio (mfumo wa sauti wa Mac), kubali, ukishaingia badilisha kifaa cha sauti uweke spika za Mac yenyewe.

Ya kadi, hapana kaka. Kuanzia macOS 26, yaani hiyo Tahoe, FireWire, ule mlango wa waya wa zamani, imeondolewa kwenye mfumo. Adapta nzuri ya Thunderbolt haitasaidia, draiva mpya haitasaidia, maana mlango wenyewe umezibwa. Unarudi macOS ya nyuma kama una bakapu ya Time Machine, au unanunua kadi ya USB. Kama hiyo ya zamani ina preamp nzuri (kikuza sauti cha maiki) na matundu ya ADAT (waya wa mwanga wa kupitishia sauti), usiitupe, zipo kadi ambazo zinaweza kukaa peke yake zikatoa sauti kwa ADAT kwenda kadi mpya, angalia kitabu chake.

Nakuelewa uchungu wake, 2019 mwezi wa kumi nilibofya apdeti ya Catalina usiku, kesho yake saa tatu nina kwaya ya watu 22. Catalina ndiyo iliyokataa kufungua programu zote za zamani za 32-bit. Nikaamka nikakuta ikoni zimechorwa duara la marufuku, moja, mbili, tano, na ile sampla (programu inayopiga sauti za ala zilizorekodiwa) ambayo kinanda chote cha kwaya kilikuwa humo imo. Taarifa ilishatangazwa mwaka mzima kabla, na Mac yenyewe ilikuwa inanionya mara kwa mara nikiifungua ile sampla, mimi nabonyeza OK. Siku hiyo mpiga kinanda alipiga mwenyewe nyimbo zote tisa, na kila akikosea ananiangalia.

DJ hapa, harusi Jumamosi, leo Alhamisi. Windows imeapdeti, Serato inawaka inafika katikati inajifunga. Nyimbo ziko kwenye diski ya nje. Nisaidie haraka. (Tanga)

Haraka basi. Chomoa diski ya nje, chomoa na kontrola, fungua Serato. Ikifunguka, tatizo liko kwenye kontrola au maktaba iliyoko diski, siyo programu.

Isipofunguka, nenda folda yako ya Music utaona folda inaitwa _Serato_, ibadilishe jina tu, iwe hata _Serato_zamani, usiifute kwa sababu makreti yako yote (makundi uliyopanga nyimbo) yamo humo. Fungua, itajitengenezea folda mpya tupu. Ikiwaka vizuri, maktaba ya zamani ndiyo ilikuwa imepinda. Diski ya nje nayo ina _Serato_ yake, fanya hivyohivyo kule. Alama zako za cue (pale unapoanzishia wimbo) hazipotei, zimeandikwa ndani ya nyimbo zenyewe, utapoteza mpangilio wa makreti tu na huo utaurudisha Jumapili ukishalala.

Zote zikishindikana: Settings, System, Recovery, utaona "Go back". Inakaa siku 10 tu baada ya apdeti kubwa, ikipita inakuwa kijivu haibonyezeki. Kama ilikuwa apdeti ndogo ya mwezi, nenda Windows Update, Update history, Uninstall updates, toa ya mwisho. Na hata ikipona, usiku wa leo mwage nyimbo za bwana na bibi harusi kwenye flashi.

Sisi ni kwaya, kompyuta ya kanisa. Baada ya apdeti FL inachukua dakika tano kufunguka, siku nyingine inasema haioni folda yake, siku nyingine inafunguka vizuri. Haieleweki. (Dodoma)

Inaeleweka, nadhani siku inayofunguka vizuri ni siku yenye bando. Fungua Documents, angalia juu njia imeandikwa nini. Ukiona neno OneDrive, basi wakati wa apdeti mtu kabofya "Next, Next" na Documents nzima imehamia wingu. FL huwa inaweka folda ya Image-Line humohumo kwenye Documents, sasa faili zenye alama ya kawingu haziko kwenye kompyuta, kila FL ikizitaka lazima zishuke kutoka mtandaoni. Bofya kulia folda ya Image-Line, chagua "Always keep on this device", acha intaneti mpaka vialama vyote viwe vya kijani. Baadaye kwa utulivu ingia mipangilio ya OneDrive, simamisha bakapu ya Documents, na uhakikishe kwa macho kwamba vitu vimerudi kwenye Documents ya kawaida kabla hujafuta chochote upande wa pili.

Simu yangu imeenda Android 14, nikiinstoli APK ya programu ya zamani ya kutengenezea biti inakataa. (Kahama)

Android 14 inazikataa programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Android ya chini ya 6. Tafuta toleo jipya Play Store, kama halipo, hiyo imeshazeeka, tafuta nyingine.

Je, tunazuiaje isijiapdeti yenyewe? (wengi)

Milele huwezi, na usitake, maana hizo apdeti ndizo zinazoziba matundu ya virusi. Lakini Windows 11 unaweza kuisimamisha: Settings, Windows Update, "Pause updates", wiki moja hadi tano. Kwenye Mac zima zile za kujiinstoli zenyewe, halafu kabla ya kupanda toleo kubwa ingia tovuti ya kila plagini unayoitegemea uone kama wameandika wanalikubali. Mimi huwa nangoja miezi miwili mitatu. Ile ya Windows ikifika wiki ya tano itakudai uapdeti kwanza ndiyo ikuruhusu kusimamisha tena, kwa hiyo tarehe yangu nimeiandika kwa maka peni kwenye povu la ukutani la kuzuia mwangwi, juu kabisa ya monita, chini yake mtu kaongezea "kumbuka kwaya".