Kabla hujaandika lebo ya OD

Juzi hapa dirisha la dawa intani wetu mmoja aliona kifupisho OD kwenye cheti cha daktari, akaandika lebo haraka, akafungua mdomo amwite mgonjwa. Nikamshika mkono. Wadogo zangu, nawapenda, lakini shimo hilo nililitumbukia mimi na kila mwaka nawaona mkilielekea.

1. Soma cheti kimetoka kliniki gani, ndipo usome kifupisho. OD kwenye vidonge vya presha ni kutwa mara moja. Kwa aliyeletwa hajitambui, ni dawa iliyozidi kipimo. Kwa daktari wa macho ni Kilatini, oculus dexter: jicho la kulia.

Mwaka wangu wa kwanza dirishani alikuja mama mmoja mtu mzima, katoka kutolewa mtoto wa jicho, bandeji bado iko juu ya jicho la kulia. Cheti kilisema matone ya kutuliza uvimbe, tone moja, OD, kisha mkwaruzo niliodhani ni mwanzo wa sahihi. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika: tone moja kila jicho, kutwa mara moja. Bandeji ilikuwa mbele yangu, nami sikuitazama. Siku ya sita akarudi, jicho jekundu, linamuuma, hawezi kutazama mwanga. Akaniwekea chupa mezani, akasema, "Nimefuata ulivyoniandikia, mwanangu." Ule mkwaruzo ulikuwa QID, kutwa mara nne. Jicho lilipona, lakini zile siku sita za maumivu nilimpa mimi.

2. MS ndiyo inayonitisha kuliko zote: ni mofini salfeti, dawa ya maumivu makali, au magnesiamu salfeti, ya kifafa cha mimba? Kwa daktari wa moyo ni vali ya mitrali, mojawapo ya milango ya moyo, iliyosinyaa. Mwaka 2004 Joint Commission, shirika linalokagua hospitali Marekani, liliikataza katika maagizo ya dawa, pamoja na U ya yuniti. U ikiandikwa vibaya husomeka sifuri, na yuniti 4 za insulini zikawa 40.

3. Ukisita, piga simu. Daktari akikaripia, mwache akaripie, jibu utakuwa umepata.

4. Lebo iwe na maneno kamili.

Yule intani sikumfokea. Nilimuuliza tu cheti kimetoka wapi. Akasoma juu ya karatasi, akanyamaza, akaichana lebo, akainua simu.